Kwa nini bendera ya Tanzania imekatwa kona kwa kona, na nyekundu iko wapi?

Mama wa Wawili:
Wakuu habari za jioni. Naomba kueleweshwa na wanaojua historia maana mimi elimu yangu ya bendera iliishia darasa la tatu, kijani mimea, nyeusi watu, bluu maji, njano madini, ukipata nne kwa nne unakaa chini. Sasa mwanangu kapewa kazi ya kuchora bendera za Afrika Mashariki, kazitandaza zote mezani, Kenya mistari imelala, Uganda imelala, Rwanda imelala, Burundi wana msalaba wao, ya kwetu ndo imekatwa kona kwa kona. Ananiuliza kwa nini. Mwalimu wake alijibu "ndivyo ilivyo", jibu ambalo hata mimi ningeweza kulitoa bila kwenda chuo.

La pili, nyekundu. Kenya wanayo, Uganda wanayo, na siku zote nasikia nyekundu ni damu ya waliopigania uhuru. Sisi kwani Maji Maji hatukufa watu? Mbona kwetu hakuna?

La tatu, nani aliichora? Jirani kaniambia ni yule mzee Ngosha aliyekuwa anaishi Buguruni, ni kweli?

Mzee wa Makabrasha:
Dada umeuliza vizuri, kaa hapo nikupe moja moja.

Anza na bendera mbili siyo moja. Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961 ilipandisha bendera yenye kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na vimistari vyembamba vya njano vinavyotenganisha. Hiyo kijani-nyeusi-kijani ilikuwa ya chama cha TANU kabla haijawa ya nchi, ile njano ndo iliongezwa kwenye bendera ya taifa. Na ndo hiyo Luteni Alexander Nyirenda aliyoipeleka Kilimanjaro pamoja na Mwenge, kwa hiyo ukiona mtu kaweka mchoro wa Nyirenda kileleni kashika bendera yenye bluu, mwambie huo mchoro ni wa kubuni, bluu haikuwepo mwaka ule.

Zanzibar nako, baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, ndani ya mwezi huohuo wakawa na bendera ya bluu, nyeusi, kijani, zote zimelala. Hizo ni rangi za chama cha Afro-Shirazi (ASP). Ukija 26 Aprili 1964 nchi zimeungana, mezani una vitambaa viwili. Zihesabu rangi: kijani wote wanayo, nyeusi wote wanayo, njano imetoka bara, bluu imetoka visiwani. Jumla nne. Hakuna rangi iliyotoka hewani na hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa ukizilaza hizo rangi kama Kenya walivyofanya, lazima mmoja awe juu na mwingine chini. Fikiria hali ya 1964, muungano una miezi miwili, kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, halafu unaleta bendera ambayo kijani cha Tanganyika kimekaa juu ya bluu ya Zanzibar au kinyume chake. Ukiikata kona kwa kona unapata pembetatu mbili zinazolingana kabisa, moja imeshika mlingoti nyingine imeshika upande unaopepea, na watu weusi katikati wanaunganisha. Ukiniuliza mimi huo ndo uamuzi wenye akili kuliko wote kwenye bendera ile, hizo habari za mimea na madini ni nzuri ila bendera nyingi tu Afrika zina mimea na madini.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui, bendera ilipitishwa rasmi 30 Juni 1964 na jina Tanzania limekuja 29 Oktoba mwaka huohuo. Yaani bendera ni kubwa kwa jina miezi minne, imepepea kipindi nchi bado inaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu mpaka mtangazaji anameza mate katikati.

Ngosha: mzee Francis Kanyasu alifariki 2017 na habari zake zilihusu nembo, ile ngao yenye bibi na bwana. Alisema alishiriki kuichora, na wapo waliotajwa wengine pia. Lakini ni nembo. Bendera ni habari nyingine, usimchanganye mtoto.

Jirani wa Namanga:
Hapo kwa nyekundu wacha niwasaidie kidogo kwa sababu watu wengi hufikiria nyekundu ni ileile kila mahali.

Ya kwetu Kenya ni kweli ni damu, tuliambiwa hivyo tangu shule, nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika tukipigania uhuru, kijani ni ardhi, na ile mistari myeupe myembamba ni amani. Lakini hata sisi ni story ya chama. KANU ilikuwa na nyeusi nyekundu kijani, sasa 12 Desemba 1963 ikikaribia ikabidi waongeze nyeupe ndio isikae kabisa kama bendera ya chama, na katikati wakaweka ngao ya Kimaasai na mikuki miwili. Mkiangalia vizuri ni kitu moja na nyinyi: TANU, ASP, KANU. Uganda pia, nyeusi njano nyekundu ni za UPC, wakazirudia mara mbili wakaweka korongo katikati.

Na sasa hiyo nyekundu ya Uganda si damu ya vita, ni undugu wa Waafrika, kwamba damu yetu ni moja. Rwanda nao walikuwa na nyekundu kwa ile bendera ya zamani yenye herufi R kubwa, wakaitoa 2001 wakaweka bluu, njano, kijani na jua. Baada ya 1994 hauhitaji mtu akueleze sana ni kwa nini. Kwa hivyo mama usimwambie mtoto nyekundu = damu, atafeli kwa Uganda.

Kijana wa Mererani:
Mi naona wangesema bluu ni tanzanite tu tumalize, maji hata Malawi wanayo 😂

Mzee wa Makabrasha:
@Kijana wa Mererani tanzanite imegunduliwa 1967 mdogo wangu, bendera ina miaka mitatu tayari. Wakati wanaandika "madini" kwenye njano ukubwa wote ulikuwa wa almasi ya Mwadui.

Binti wa Unguja:
Asalam aleykum. Hapa pana jambo limerukwa na ndilo lenyewe hasa la nyekundu.

Zanzibar nyekundu ilikuwepo, tena ilikuwepo miaka na miaka. Bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu, haina mchoro wala maandishi. Tulipopewa uhuru na Muingereza 10 Disemba 1963 chini ya Sultan Jamshid wakaitia duara la kijani katikati na ndani ya duara karafuu mbili za njano. Bendera ile wallahi ni nzuri kwa kuitazama, mimi husema hakuna bendera Afrika iliyokuwa na karafuu ila ile, na karafuu ndo ilikuwa maisha yetu. Ila ilipepea mwezi mmoja na siku mbili, Mapinduzi yakaja. Sasa mtu aliyeona nyekundu ile juu ya Beit el-Ajaib maisha yake yote, ndo kapindua, unamwambia weka tena nyekundu kwenye bendera mpya? Ataiweka vipi? Kwetu nyekundu haikuwa damu ya mkombozi, ilikuwa rangi ya aliyepinduliwa. Kwa hiyo bara hawakuwa nayo kwa sababu TANU hawakuitumia, na visiwani hawakuitaka kwa sababu wanaijua ni ya nani. Sijui kama kuna mtu alikaa kwenye kikao akasema hivyo, lakini ndivyo mambo yalivyokuwa.

Jambo la pili, wabara wengi wanadhani Zanzibar haina bendera. Ipo. Imerudi Januari 2005 wakati wa Rais Amani Karume, bluu juu, nyeusi, kijani chini, ileile ya 1964, na kwenye kona ya juu upande wa mlingoti pana bendera ndogo ya Muungano. Mtoto akiambiwa achore bendera za Afrika Mashariki na akaichora hii pembeni mwalimu asimkate maksi.

Na @Mzee wa Makabrasha nakuheshimu lakini hapo uliposema "hakuna aliyerudi mikono mitupu" wapo huku watakaokuambia sisi tulipeleka bendera nzima tukarudishiwa pembetatu. Nakuambia tu, mimi si mmoja wao, nafikisha salamu.

Mzee wa Makabrasha:
@Binti wa Unguja salamu zimefika 😄 na bara wapo wanaosema hivyohivyo, tena wao pembetatu hawaioni kabisa wanauliza Tanganyika yao iko wapi. Ukiona pande zote mbili zinalalamika kwa maneno yaleyale ujue aliyepima kipimo alipima sawa.

Hilo la nyekundu ya Sultani umelisema vizuri kuliko vitabu vya shule. Naongezea moja, nyekundu tunayo, ila iko kwenye nembo. Chukua barua yoyote ya serikali uangalie ngao: juu kabisa Mwenge kwenye dhahabu, chini yake bendera yenyewe imechorwa, halafu sehemu nyekundu ambayo ndani yake kuna jembe na shoka, halafu mawimbi ya maji. Ile nyekundu maana yake ni udongo wenye rutuba. Kwa hiyo Tanzania nyekundu ni udongo, Kenya ni damu, Uganda ni undugu, na kwa Sultani ilikuwa Sultani. Mpe mtoto hiyo akamtese mwalimu.

Mtoto wa Upanga:
Naomba niulize kitu na msinirukie. Babu yangu mzaa baba kazaliwa Tanga, baba kazaliwa Tanga, mimi nimezaliwa Dar, jina langu ukilisikia utajua ni Mhindi. Kila Desemba 9 navaa skafu ya bendera kama kila mtu. Nyeusi ni "watu wa Tanzania", sawa, tuliimba wote. Lakini kila mara kuna mjanja mmoja darasani au kazini anasema "wewe uko kwenye ile njano pembeni". Utani sawa, lakini walioiweka walimaanisha nini?

Chuma cha Reli:
Mkuu usichukulie serious, ni utani. Mimi Mmakonde naambiwa nipo kwenye nyeusi mara mbili.

Mzee wa Makabrasha:
Hapana, swali lake ni la maana tusilifunike kwa utani.

Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, pale Bungeni kulikuwa na mjadala mkali wa muswada wa uraia. Wapo wajumbe, tena wa TANU, waliotaka uraia uwe wa Waafrika weusi tu, wengine wasubiri. Nyerere alisimama akawapinga waziwazi, akasema uraia hauwezi kufuata rangi ya ngozi, na akaweka wazi kuwa serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Muswada ukapita kwa msimamo wake. Sasa weka tarehe pamoja: hoja ya uraia Oktoba, bendera yenye mkanda mweusi Desemba, kiongozi ni yuleyule. Mtu aliyegoma kugawa uraia kwa rangi hawezi miezi miwili baadaye akapandisha bendera inayogawa kwa rangi. Nyeusi ile ilitoka TANU wakati wa kudai utu wa Mwafrika mbele ya mkoloni, ikawa ya nchi, na ilipokuwa ya nchi ikawa ya kila raia. Huyo mjanja wa kazini mwambie njano ni madini, akikuita madini umshukuru.

Mtoto wa Upanga:
😂😂 hiyo ya mwisho naenda nayo Jumatatu.

Mbongo Toronto:
Kuna karnivali ya Wakaribi huku kila mwaka kiangazi, nikaona bendera kwa mbali kijani juu, mkanda mweusi na njano umekaa kona kwa kona, nikapiga kelele "Tanzaniaaa" nikawakimbilia. Kumbe ni St Kitts na Nevis! Yao ya 1983, chini ni nyekundu badala ya bluu na kwenye mkanda mweusi wana nyota mbili nyeupe. Walinipa bia lakini. Kwa hiyo huyo mtoto ajue za kona kwa kona hatuko peke yetu, Namibia wanayo ya 1990, Kongo Brazzaville ya 1959 iliyorudishwa 1991, na Kongo ya Kinshasa hii ya sasa ya 2006 nayo imekatwa hivyohivyo.

Fundi wa Kona:
Mimi historia nawaachia wazee, nashona bendera toka nikiwa mwanafunzi wa cherehani, msimu wa Desemba na Aprili na kipindi timu ya taifa ikifuzu silali. Nataka niongee kuhusu hii kona kwa kona maana walioamua hawakumfikiria fundi.

Bendera ya Kenya unakata vipande vilivyonyooka unaunga umemaliza. Ya kwetu ni vipande vitano, pembetatu ya kijani, utepe wa njano, mkanda mweusi, utepe wa njano, pembetatu ya bluu, na vyote unavikata mshazari. Kitambaa ukikikata mshazari kinavutika, ukishika kwa nguvu kidogo tu kimerefuka, ukimaliza kushona unaikuta katikati imevimba na pembeni imejikunja, ukipiga pasi ndo kabisa. Ndo maana bendera za bei chee zinaonekana kama zina tumbo. Dawa yake: chora bendera nzima kwenye karatasi kubwa kwanza kwa ukubwa wake halisi, urefu mara moja na nusu ya upana, kata kwa kufuata karatasi na ubakize nafasi ya mshono, anza na mweusi katikati unaenda nje, na usipeleke cherehani kabla hujapiga bandi kwa mkono. Mkanda mweusi lazima uingie kwenye kona zote mbili katikati kabisa. Angalia kona ya chini ya mlingoti, utepe mmoja wa njano unagonga ubavu wa mlingoti na mwingine unagonga pindo la chini. Ukiona njano ndo imeingia kwenye kona na nyeusi imesogea, ujue fundi alikata kwa macho.

Na njano yenyewe jamani siyo ile ya limau bichi. Nenda dukani chukua iliyoiva inayoelekea dhahabu, ile ya limau mwezi mmoja juani inakuwa nyeupe halafu mnasema fundi kawaibia.

Afande Mstaafu:
Safi fundi. Na kuipandisha pia watu wanakosea, hasa mashuleni na kwenye ofisi ndogo ndogo. Kanuni ni moja tu, KIJANI JUU NA KIMEGUSA MLINGOTI. Wengi wanakariri "mkanda unapanda kwenda kulia", hiyo ni ukiwa umesimama upande ambao mlingoti uko kushoto kwako. Zunguka nyuma, mlingoti unakuwa kulia na mkanda unapanda kwenda kushoto, na bendera iko sahihi vilevile. Ndo maana watu wanagombana mitandaoni kwa picha, mmoja anasema imegeuzwa kumbe imepigwa picha kwa nyuma. Ukiona kijani kiko chini kwenye mlingoti na bluu iko juu huku nje, hapo kweli iko kichwa chini, mwambie mhusika aishushe taratibu airekebishe.

Asubuhi saa kumi na mbili inapanda, jioni saa kumi na mbili inashuka, filimbi ikilia pale kituoni simama. Siku hizi naona vijana wanapita na earphone hata hawajui kwa nini wenzao wamesimama.

Mama wa Wawili:
Jamani asanteni sana, nimeandika kurasa mbili, nimemsomea kuanzia karafuu mpaka St Kitts. Sasa @Afande Mstaafu umeniamshia swali jingine. Basi la shule limechorwa bendera ubavuni pande zote mbili na zinafanana kabisa, kijani kiko kushoto kwa anayetazama kote kote. Nilikuwa naona ni sawa, sasa nimeanza kuwa na mashaka. Kwenye gari mlingoti uko wapi?

Afande Mstaafu:
Mlingoti uko mbele. Chukulia bendera imefungwa mbele ya basi na basi linatembea, upepo unaivuta kwenda nyuma. Kwa hiyo ubavu wa kushoto wa basi kijani kinakuwa kushoto kwa anayetazama, hapo wako sawa. Ubavu wa kulia, mbele ya basi iko kulia kwa anayetazama, kwa hiyo kijani kiwe juu kulia na mkanda uanzie chini kulia ukipanda kwenda kushoto. Hata ile bendera ya begani mkono wa kulia inafuata hivyohivyo. Hilo basi lenu upande wa kulia bendera inarudi nyuma.

Fundi wa Kona:
Na aliyechora asiwaambie anahitaji hela ya stensili mpya. Ni ileile, aigeuze tu upande wa pili aifute wino kwanza.

Mama wa Wawili:
Na ndo ameshaniambia elfu thelathini 😅 ngoja nimpigie.